Utafiti wa Darasani kwa Mwaka Mzima: Mwongozo kwa Mwalimu wa Mtwara na Lindi

Mwalimu anayekaa na darasa moja tangu Januari hadi Desemba anajua mambo ambayo mthibiti ubora wa siku moja hawezi kuyaona. Anajua nani amekariri ukurasa na nani anasoma kweli, nani huja bila kula, nani hesabu za kujumlisha anaziweza ila za kutoa zinamshinda. Maarifa hayo hayaandikwi popote. Siku mwalimu anapopata uhamisho anaondoka nayo, na anayempokea anaanza upya na watoto walewale. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa kuliko upungufu wa madawati, kwa sababu dawati angalau linahesabiwa.

Utafiti wa darasani, ambao vyuoni huitwa utafiti tendaji, ni njia ya kuyaandika maarifa hayo kwa mpango na kuyapima kabla ya kuyaamini. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Kurt Lewin aliueleza kama mzunguko: unapanga, unatenda, unaangalia kilichotokea, unatafakari, halafu unapanga tena. Miaka ya 1970 huko Uingereza, Lawrence Stenhouse alisisitiza kwamba darasa lichunguzwe na mwalimu wake mwenyewe. Huhitaji shahada ya pili wala fedha za mfadhili. Unahitaji swali dogo, daftari na kalenda iliyopangwa vizuri. Kwa mikoa yetu hiyo kalenda ndiyo inayouokoa au kuuua utafiti, kwa hiyo naanzia hapo.

Mfano nitakaoufuata ni wa mwalimu wa Hisabati, Darasa la Tatu, kwenye shule ya kijiji upande wa Newala au Tandahimba. Wewe uliye Kilwa, Liwale au Masasi, au unayefundisha sekondari, badilisha mfano. Hatua ni zilezile.

Hatua ya kwanza: chora mwaka kabla ya kuchagua swali

Chukua karatasi ya manila, gawa miezi kumi na miwili, halafu andika safu tatu.

Safu ya kwanza ni ya shule: kufungua Januari, mapumziko mafupi ya karibu na Aprili, likizo ndefu ya Juni, mapumziko ya Septemba, kufunga Desemba. Tarehe kamili zichukue kwenye kalenda ya mihula ya mwaka husika. Ongeza mitihani hata kama si ya darasa lako: Darasa la Saba Septemba, upimaji wa Darasa la Nne mwishoni mwa Oktoba, Kidato cha Pili na cha Nne Novemba. Siku hizo walimu wanahamishiwa usimamizi, madarasa yanabanwa, na kipindi chako kinaweza kupotea bila taarifa.

Safu ya pili ni ya shamba na bahari. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Januari na Februari ni palizi. Mazao yakianza kukomaa, watoto wanatumwa kuamia shambani, kufukuza ndege, ngedere na nyani. Kuanzia Mei ufuta unavunwa na kazi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho inaanza. Kuanzia Septemba korosho zinaanguka, na kuziokota ni kazi ambayo mkono wa mtoto unaiweza. Oktoba minada imeanza, fedha zinaingia kijijini, mahudhurio yanashuka. Pwani uliza kuhusu bamvua na msimu wa dagaa.

Safu ya tatu ni ya watu: Ramadhani, jando na unyago, sherehe. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuangukia Februari hadi mwanzoni mwa Machi, kutegemea mwandamo. Wapo watoto wadogo wanaojaribu kufunga, hivyo kazi yoyote ya kupima ifanyike asubuhi. Unyago kwa kawaida hupangwa wakati wa likizo, ila si kila mtoto hurudi siku ya kufungua. Waulize wazee wa kijiji mwaka huu itakuwa lini. Watakwambia, na watafurahi umeuliza.

Ukimaliza kuchora utaona dirisha lenyewe: mwisho wa Februari hadi mwisho wa Mei, halafu Julai na Agosti. Utafiti wako wote, yaani kupima, kubadili na kupima tena, uingie humo. Septemba hadi Desemba iwe ya kuhesabu na kuandika. Mwalimu anayepanga jaribio la mwisho Novemba kwa sababu mwongozo fulani umesema "mwisho wa mwaka" atapima nusu ya darasa na kuliita darasa zima.

Hatua ya pili: swali litoke kwenye madaftari

Maswali makubwa yaache. "Kwa nini watoto wa Mtwara wanafeli Hisabati" ni swali la wizara. Lako liwe na sifa tatu: linahusu watoto unaowafundisha mwenyewe, linahusu jambo ambalo wewe una uwezo wa kulibadilisha, na linaweza kujibiwa kwa vitu vilivyomo darasani. Utoro wa msimu wa korosho ni jambo zito, lakini mwalimu mmoja halimalizi. Jinsi ya kumfidia mtoto aliyekosa wiki mbili, hilo unaliweza.

Wiki za mwanzo za Februari kusanya madaftari ya mazoezi, kaa nayo jioni moja, usisahihishe. Tafuta kosa linalojirudia. Tuseme kwenye hesabu za kutoa umekuta hivi: 52 − 27, na watoto wengi wameandika 35. Jibu sahihi ni 25. Kosa likijirudia kwa watoto wasiokaa pamoja, ujue halikutokana na uzembe wala kunakiliana. Lina mantiki yake, na kazi yako ni kuijua.

Mwite mtoto mmoja pembeni. Usimuulize "Umeelewa?" kwa sababu atajibu "Ndiyo, mwalimu"; adabu inamtaka ajibu hivyo. Mwambie, "Nionyeshe hapa ulifanyaje." Mmoja atakwambia, "Mbili kutoa saba haiwezekani, mwalimu, nikafanya saba kutoa mbili." Huyu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali iko juu au chini. Mwingine atasema, "Nikakopa, ikawa kumi na mbili, nikatoa saba, ikabaki tano. Halafu tano kutoa mbili, tatu." Huyu kakopa vizuri ila makumi hakuyapunguza. Wote wawili wamepata 35, na dawa zao hazifanani. Kama mtoto anajieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua na wewe lugha hiyo huijui, mwombe mwenzako anayeijua akae nanyi. Dakika tano za mazungumzo hayo zina thamani kuliko rundo la karatasi zilizosahihishwa.

Sasa andika swali lako kwa sentensi moja: *Je, kutumia mafungu ya vijiti kumi kumi mara tatu kwa wiki kutapunguza makosa ya kutoa kwa kukopa kwa watoto wa Darasa la Tatu?* Libandike ndani ya jalada la andalio lako la masomo.

Hatua ya tatu: ruhusa

Anza na mwalimu mkuu, kwa mdomo kwanza, kisha barua ya ukurasa mmoja: swali, muda, utakachofanya, na kwamba hakuna kipindi cha silabasi kitakachoachwa. Mwombe akupitishe kwenye kamati ya shule na amjulishe afisa elimu kata. Kama utafiti ni wa masomo yako ya chuo, au unataka kuingia shule nyingine, chuo kitakupa barua ya utambulisho utakayoipeleka mkoani na kwenye halmashauri. Fuatilia mapema, maana barua ya kupita ofisi tatu haiji kwa wiki moja.

Wazazi waambie kwenye kikao, kwa maneno mepesi. Unaweza kusema hivi: "Shikamooni wazazi wangu. Mwaka huu nataka kujua watoto wetu wanakwama wapi kwenye hesabu za kutoa. Nitawapa maswali mafupi mara tatu. Hakuna atakayechapwa wala kufukuzwa kwa kukosa, na jina la mtoto halitaandikwa kwenye ripoti. Mzazi asiyetaka karatasi za mwanawe zitumike aniambie, na mtoto ataendelea kufundishwa kama wenzake." Halafu wape nafasi waulize. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za mtoto zinastahili uangalifu wa pekee. Mpe kila mtoto namba, orodha ya majina na namba ikae kwenye kabati lenye kufuli, na picha za nyuso zao usizirushe kwenye makundi ya simu.

Hatua ya nne: jaribio la awali, mwisho wa Februari

Maswali kumi yanatosha. Manne yasiyohitaji kukopa, kama 46 − 12. Manne ya kukopa. Mawili yenye sifuri, kama 60 − 34. Ila chagua namba kwa makini, maana hapa ndipo utafiti mwingi wa darasani unapoharibika bila mwenyewe kujua.

Rudi kwenye 52 − 27. Aliyegeuza tarakimu anapata 35, na aliyesahau kupunguza makumi naye anapata 35. Ukisahihisha karatasi huwezi kuwatofautisha. Badilisha namba moja tu, iwe 52 − 28. Jibu sahihi ni 24. Aliyegeuza ataandika 36, aliyesahau makumi ataandika 34. Karatasi sasa inasema yenyewe. Vivyo hivyo 60 − 34: sahihi ni 26, aliyegeuza anapata 34, aliyesahau makumi anapata 36. Na 71 − 45 pia: 26, 34, 36. Kabla ya kuandika swali lolote kwenye jaribio, lifanye kwanza kwa njia sahihi, kisha kwa kila kosa ulilolikuta kwenye madaftari. Majibu yakifanana, tupa swali hilo, tafuta jingine.

Pima asubuhi, siku isiyo na mvua. Chini ya bati lisilo na dari mvua ikianza hakuna mtoto anayesikia maelekezo, na kama unapima kusoma kwa sauti ndiyo usijaribu kabisa. Waache wanaokaa wanne kwenye dawati moja waandike kwa zamu mbili. Usiwape alama za kutangaza.

Matokeo yaingize kwenye jedwali: mstari mmoja kwa kila namba ya mtoto, safu kwa kila swali. Usiandike vema na kosa pekee. Andika S kwa sahihi, G kwa aliyegeuza, M kwa aliyesahau makumi, N kwa kosa jingine. Jedwali hilo ndilo moyo wa utafiti wote.

Darasa likiwa na watoto 68 huwezi kuwafuatilia wote kwa ukaribu. Chagua kumi au kumi na mmoja kwa kwenda na rejista, kila jina la sita, ili usichague wale unaowapenda au wanaokaa mbele. Hao ndio utakaozungumza nao na kuangalia madaftari yao kila wiki.

Hatua ya tano: badiliko moja

Moja tu. Ukibadilisha vijiti, mpangilio wa madawati na utaratibu wa kazi za nyumbani kwa mkupuo, matokeo yakipanda hutajua kilichosaidia ni kipi.

Watoto walete vijiti, wavifunge kumi kumi kwa ukindu au uzi. Kokoto, mbegu za ukwaju na vizibo vya soda pia vinafaa kwa mamoja. Maganda ya korosho mbichi usiyatumie hata kama yamejaa uani: mafuta yake yanaunguza ngozi. Kila siku ya zoezi, dakika kumi na tano za mwanzo wa kipindi, watoto wawili wawili wanafanya hesabu moja kwa vijiti ndipo waiandike. Kwa 52 − 28 wanaweka mafungu matano na vijiti viwili. Wanaambiwa watoe vinane. Havitoshi. Wanafungua fungu moja. Sasa wana vijiti kumi na viwili na mafungu manne, na hapo hapo, kabla ya kutoa chochote, wanakata 5 kwenye daftari na kuandika 4. Kundi la G linahitaji zaidi kule kufungua fungu. Kundi la M linahitaji zaidi kule kukata na kuandika. Pita kwa G na M ukijua unatafuta nini.

Fanya hivyo kwa wiki nane, Machi hadi Mei. Kama shule ina mikondo miwili na mwenzako wa mkondo B yuko tayari kuwapima watoto wake bila kubadilisha ufundishaji, una pa kulinganishia. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba njia ikionekana kufaa, mkondo B nao watafundishwa hivyo muhula wa pili. Kumnyima mtoto kitu kinachomsaidia kwa ajili ya utafiti hakukubaliki.

Hatua ya sita: shajara

Daftari la kurasa 96, mistari mitano kila siku ya zoezi, iandikwe siku hiyohiyo kabla ya kutoka shuleni. Tarehe, waliohudhuria, ulichofanya, kilichokushangaza. Mfano:

*Jumatano. Wapo 51 kati ya 68, mvua tangu alfajiri. Namba 23 kafungua fungu bila kuambiwa, kahesabu hadi kumi na mbili kwa sauti. Kwenye daftari kaacha 5 ileile. Jirani yake kamwonyesha kwa kidole.*

Maandishi ya namna hiyo utayashukuru Oktoba. "Somo lilieleweka vizuri" halitakusaidia chochote, liache kwenye andalio. Mahudhurio usiyaruke hata siku moja, na sababu utaiona sasa hivi.

Hatua ya saba: pima tena mara mbili

Jaribio la pili liwe wiki ya tatu au ya nne ya Mei, kabla pilika za kufunga shule hazijaanza. Namba mpya, ugumu uleule, mpangilio uleule. La tatu liwe katikati ya Agosti, baada ya likizo ndefu. Hilo la tatu ndilo linalokuambia kama mtoto amejifunza au alikuwa anakumbuka tu. Julai usirudie vijiti kwa darasa zima, warudie wale tu ambao Mei walikuwa bado na G.

Hatua ya nane: hesabu bila kujidanganya

Tuseme una watoto kumi. Watano wamepata 8, watano wamepata 2. Wastani ni 5. Oktoba watatu kati ya waliopata 2 wako kwenye mikorosho. Unawapima saba waliobaki, na kila mtu anapata alama yake ileile ya zamani: watano 8, wawili 2. Jumla 44, gawa kwa 7, wastani 6.3. Umepanda, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza kitu. Wanaopotea msimu wa korosho mara nyingi ndio haohao waliokuwa nyuma, kwa hiyo kwetu hatari hii iko kila mwaka, kwenye utafiti na hata kwenye matokeo ya majaribio ya kawaida tunayoyapeleka ofisini.

Dawa yake ni rahisi. Linganisha watoto waliofanya majaribio yote matatu tu. Wasiofanya yote waandike kwenye jedwali lao, useme ni wangapi na walikuwa wapi. Halafu weka mahudhurio pembeni: waliohudhuria mazoezi mengi wamebadilika kuliko waliohudhuria machache? Usiishie kwenye wastani, hesabu pia G zilizokuwapo Februari na zilizobaki Agosti. "Watoto 19 walikuwa wanageuza tarakimu, sasa ni 6" ni sentensi ambayo mzazi, mwalimu mkuu na afisa elimu wote wanaielewa bila kufafanuliwa. (Tarakimu hizo ni za mfano. Zako zitakuwa zako.)

Kama hakuna kilichobadilika, andika hivyo. Mwalimu mwenzako wa Nanyumbu au Ruangwa akijua vijiti peke yake havikutosha, umemwokolea muhula mzima.

Hatua ya tisa: andika kati ya Septemba na Novemba

Kurasa tano au sita: tatizo na jinsi ulivyoliona, swali, darasa lilivyo, ulichofanya wiki kwa wiki, jedwali, maneno ya watoto wawili au watatu kwa namba zao, na mambo ambayo yanaweza kuwa yameathiri matokeo. Hapo kwenye athari kuwa mkweli kuhusu mvua, Ramadhani, utoro na siku ulizoitwa semina. Jina la kijiji si lazima. Andika kwa Kiswahili unachokiongea kwenye chumba cha walimu.

Omba nusu saa kwenye kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni au kituo cha walimu cha kata. Nenda na vijiti na madaftari matatu yenye namba badala ya majina, uwape walimu wenzako wayasome makosa wenyewe kabla hujawaambia lolote. Walio karibu na chuo cha ualimu cha Mtwara au Nachingwea waombe wakufunzi waisome ripoti. Wanafunzi wao wanahitaji mifano ya madarasa ya huku.

Hatua ya kumi: makabidhiano ya Desemba

Kabla ya kufunga shule tengeneza nakala mbili za ripoti, moja kwa mwalimu mkuu na moja ibaki kwenye maktaba au kabati la taaluma. Karatasi za majaribio na orodha ya majina na namba visikae kabatini miaka na miaka. Kubaliana na mwalimu mkuu vitateketezwa lini. Mwalimu atakayepokea Darasa la Nne mpe karatasi moja zaidi, mkononi: watoto ambao Agosti bado walikuwa na G, waliokuwa na M, na ambao hawakupimwa kwa sababu hawakuwapo. Januari aanze na hao.